Kituo cha Halti

Babu yangu aliwabebea Wajerumani mizigo, na mshahara pekee aliorudi nao Igoma ulikuwa neno moja: halt. Kwao ni kitenzi, maana yake simama. Babu alilionja akaliona tamu, akawa anawafokea ng'ombe wake: "Halti!" Ng'ombe wa Kisukuma wakasimama, sijui kwa utii au kwa mshangao. Watu wakamwita Halti, baba akaandikishwa shule kwa jina hilo, na mabasi yalipoanza kupita barabara ya Musoma, kituo chetu nacho kikawa Halti. Baba alitembea pale kama mkuu wa wilaya.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, kila mwenye pesa afungue biashara yake. Tajiri mmoja wa sangara akajenga baa ng'ambo ya barabara, akaiita Miami. Haukupita muda, makondakta wakawa wanapaza sauti, "Miami kuna mtu?" Ilimuuma baba, ilimuuma kwelikweli. Hakuwa na cheo wala gari. Alikuwa na kile kituo tu.

"Huyo Miami ni nani?" alifoka. "Ukoo gani? Kamzika nani hapa?"

Akapaka HALTI kwa rangi nyeupe kwenye jiwe letu la kando ya barabara. Wiki haikuisha, watu wa matangazo wakapaka jina la sabuni yao juu yake. Soko huria bwana! Hata jiwe lilipata ajira kabla yangu.

"Baba, achana nao," nilimwambia. Akanitazama kana kwamba nimeuza ng'ombe wa mahari.

"Mtanizika hapa hapa, barabarani wanione. Baa huhama. Marehemu anahamia wapi?"

Kwetu ndivyo tulivyoamini: aliyezikwa mahali ndiye mwenyewe. Katekista akakumbusha kwamba makaburi ya kanisa yapo. Baba akamwambia atangulie yeye.

Alipofariki tulimtii. Tukamjengea kaburi la saruji, jina kwa herufi kubwa, abiria wa dirishani asome bila miwani. Miezi michache baadaye tajiri akafilisika, baa ikafungwa. Mama alisema baba kashinda, na mimi nilifurahi, sikatai.

Siku moja tukapanda gari mjini, mimi na mama. Tulipokaribia nyumbani tukatega masikio. Kondakta akagonga bodi.

"Kaburini! Kaburini wanashuka?"

Gari lilikuwa linataka kutupitisha. Mama akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akasema, "Shusha."