Ndoo ya Maji ya Zamani

Siku moja kabla Nyevu hajafariki, yeye na mumewe Kazungu walikunywa chai, wakashuka Kibarani kwenye bwawa lao la samaki. Kila alipobadilisha maji, Nyevu alibakiza ndoo ya maji ya zamani yenye bakteria waeleao. Hao hulisha vijidudu vya majini, na vijidudu hulisha vifaranga wa samaki. Wiki moja nyuma Morris, mtaalamu wa samaki mwenye viatu vya kung'aa, aliimwaga ndoo hiyo akatia bwawani klorini ya kuua bakteria. Sasa vifaranga walikuwa wakifa kwa njaa.

"Mama, si maji yamekuwa safi? Mbona hawali?" Morris, aliyekuwa akiwasubiri bwawani, aliuliza.

Nyevu alimtazama kama anayetazama jaa la taka. Kazungu akamwachia mkewe ajibu.

"Umewaua wapishi, bwana mdogo, kisha wauliza chakula ki wapi?"