Mate Yalipomkauka Mpishi Mkuu

Yule wifi simpendi, na sifichi. Aliletwa kuwa msimamizi wa kantini yetu ya kiwandani, na tangu siku ya kwanza akawa anamganda mgongoni mpishi mkuu, mke wa kaka yake. Mimi nilikuwa namenya viazi pembeni, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mafuta yote hayo? Ya baba yako?"

"Ni ya kazi, wifi."

"Kazi gani? Ndiyo hayo hayo uliyomlishia kaka yangu mpaka akawa bwege?"

Jikoni kwetu mwonjaji ni mmoja tu, mpishi mkuu. Wakionja wawili, chumvi itatiwa mara mbili. Yeye hudondoshea mchuzi kiganjani, akalamba, akasema, "Pakueni." Tulimwita Ulimi, na hakuwahi kukosea.

Masimango yalipozidi, akaanza kutembea na chupa ya maji. Midomo ikampasuka. Asubuhi moja alilamba kiganja, akalamba tena, kisha akaninong'oneza.

"Shoga, sisikii kitu. Kama nalamba karatasi."

Nikamburuta hadi zahanati. Muuguzi alimchungulia kinywa, akamuuliza habari za usingizi na za kazini.

"Ulimi wako mzima, mama. Mtu akikaa na hofu na hasira, mate hupungua. Na chakula kisipolowana na mate, ladha haifiki kwenye ulimi. Pumzika, na huyo anayekukera, kaa naye mbali."

"Mbali wapi?" Ulimi akafoka. "Analala chumba cha pili!"

Nikamwambia basi nimwonjee kwa siri. Akanikatalia katakata.

"Ukionja wewe, mimi wa nini hapa? Si atanitoa kesho?"

Alisema kweli, na ukweli huo uliniudhi. Akaendelea kubahatisha.

Siku ya maharage, wifi alimsogelea mpaka akawa anampumulia shingoni. Ulimi akatia chumvi, akalamba. Akatia tena, akalamba. Nikamkanyaga mguu, akanisukuma. Akatia mara ya tatu.

"Pakueni."

Watu walitema mezani. Mmoja alimwaga sahani yake sakafuni, akatutukania mama zetu. Wifi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamvua aproni mbele ya foleni nzima, akaivaa yeye. Nilitamani kumchoma kwa kisu changu cha viazi, Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata nilimkuta Ulimi kwa mama yake, ambako alikuwa amehamia na nguo zake zote. Alikuwa amelala mchana kutwa, uso umemnawiri. Nikammenyea chungwa. Akaweka kipande mdomoni, akaacha kutafuna.

"Tamu," alisema.

Nikapiga vigelegele. Yeye akakitema kile kipande ukutani, maji ya chungwa yakimchuruzika kidevuni.

"Sasa ndiyo unarudi?" akaukemea ulimi wake. "Sasa? Nikuonjeshe nini?"