Uzi wa Kahawia wa Mama Rowda

Warigia alikuwa amefuma sweta za shule miaka yote pale sokoni Giakanja, kwa hivyo madaktari walipomtoa titi la kushoto hakuona sababu ya kwenda kununua la bandia. Alichukua uzi wa sweta wa rangi ya maruni uliobaki, akafuma duara, akalijaza pamba, akalivaa kanisani. Hakuna aliyegundua. Alhamisi iliyofuata akalionyesha kikundi.

Kikundi hicho kilikutana kila Alhamisi kwa simu ya video. Sophie, mshauri nasaha wa Nyeri mjini, ndiye aliyekiongoza, na wote waliokuwemo walikuwa wamepona saratani, au walikuwa wameambiwa wamepona. Humo walisema yale ambayo nyumbani hayakupata msikilizaji: hofu inayokuja kila mgongo unapouma, mume anayelala akiutazama ukuta, majirani wanaoendelea kukuita mgonjwa.

Siku ile ya titi la uzi, Hezekiah wa Sagana, dereva mstaafu wa malori, aligeuza simu yake ikatazama dari.

"Endeleeni tu, mama zangu. Mimi sijaona kitu."

Muslima, aliyeuza maziwa ya ngamia kule Nanyuki, alicheka mpaka akakohoa, kisha akamuuliza Warigia, "Mama Mwai, hiyo ni rangi ya shule gani?"

"Ni uzi ilibaki."

"Basi nifumie yangu. Lakini sitaki ya darasa la nne. Nataka rangi ya ngozi yangu, ati nikivua nguo nisishtuke."

"Utaipata, Mama Rowda. Nitakuletea mwenyewe. Kitu kama hii haitumwi na gari, kondakta aanze kuuliza ni nini."

Walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana. Warigia alinunua uzi wa kahawia wa aina tatu, kisha kila Alhamisi akamwomba mwenzake atoke nje penye jua amwone rangi vizuri. Uso wa Muslima ulitokea gizani kila mara, mtandio ukimfika kwenye nyusi.

"Leo jua ni kali," alisema. Wiki nyingine, "Leo niko na wageni." Na nyingine, "Wiki ijayo, Mama Mwai. Mbona una haraka kama bibi harusi?"

Warigia alicheka, akangoja.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo Muslima hakuonekana kabisa. Kesho yake asubuhi, Warigia akiwa anachemsha chai, ujumbe uliingia kwenye kikundi: "Mimi ni Rowda, binti yake Muslima. Mama ametutoka alfajiri hii. Mumwombee."

Chai ilimwagika jikoni, naye akaitazama ikimwagika.

Alipoweza kufikiri, alifikiri kama mtu wa Giakanja. Mwili utapelekwa mochari. Majirani watakutana jioni kusali na kupanga. Mazishi yatakuwa wiki ijayo. Marehemu atavalishwa nguo yake nzuri, na watu watapita mmoja mmoja kumtazama. Muda wa kufuma ulikuwepo. Jambo moja tu alilijua kwa hakika: Mama Rowda hatazikwa upande mmoja ukiwa bapa. Alichagua kahawia ya katikati kwa kubahatisha, akakaa chini akafuma Ijumaa nzima, akifumua kila duara lilipopinda.

Jumamosi alipanda gari hadi Nanyuki, kitu chenyewe kikiwa ndani ya leso, ndani ya mfuko, juu ya mapaja yake.

Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka. Msichana mmoja aliinuka, na Warigia akayajua yale macho.

"Wewe ni Mama Mwai," Rowda alisema. "Karibu, mama."

"Pole sana, mwanangu. Mama yuko mochari gani? Nataka kumwona. Halafu niko na kitu ningeomba mmvalishe."

Rowda alimtazama shangazi yake, Istahil, kisha akamshika Warigia mkono.

"Tulimzika jana, mama. Baada ya swala ya Ijumaa."

"Jana?" Warigia alisema. "Lakini jana nilikuwa..."

Jana alikuwa anafumua.

"Sisi hatungoji," Rowda alisema polepole. "Nilidhani unajua, la sivyo ningekupigia. Na hatuvalishi kitu. Ni sanda tu."

"Hata nguo?"

"Hata nguo."

Warigia aliketi mkekani. Akauliza, "Alianza kuugua lini?"

"Ilirudi kabla ya Ramadhani. Alikataa tuwaambie. Alisema mkisikia yake imerudi, kila mtu ataanza kujipapasa. Siku ya kikundi tulikuwa tunamwinua kwa mito, tunafunga pazia."

Warigia alifungua leso. Rowda alilipokea lile titi kwa mikono miwili, akalipima uzito kidogo, kisha akatafuta picha kwenye simu yake. Ilikuwa ya Idi ya mwaka jana. Muslima alisimama mlangoni, jua likimpiga usoni, anacheka.

Warigia alilisogeza lile titi, likiwa mkononi mwa Rowda, kando ya picha. Rangi yake haikukaribia ya ngozi hata kidogo.

"Nimekosea," alisema. "Ningechukua ile nyeusi zaidi."

"Angekucheka," Rowda alisema.

"Angenicheka sana." Hapo ndipo machozi yalipomshinda, na Istahil akasogea akakaa karibu naye, bega kwa bega. "Nipe, mwanangu," Warigia alisema katikati ya kilio, akinyoosha mkono. "Nipe nifumue, nirudie."

Rowda hakumpa.