Mkwe Aliyevuka Pazia

Kwetu magharibi, mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake. Hali naye, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Kwa hiyo mama yangu alipokuja Nakuru kumjulia hali mume wangu, nilitundika pazia katikati ya chumba chetu kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Mama alikaa upande wa mlango, mume wangu upande wa kitanda. Wakasalimiana bila kuonana.

Miezi michache kabla, mume wangu alikuwa ameanguka kutoka juu ya behewa la viazi vya Molo na kugonga paji la uso kwenye chuma. Jeraha lilipona. Tabia haikupona. Mtu aliyekuwa mpole hata kwa kuku sasa alitukana watu, alicheka mazishini, alikojoa mbele ya majirani. Dresa aliyekuwa akimfunga bendeji hospitalini aliniambia ubongo wa mbele umeumia, na pale ndipo penye breki za mtu.

Siku ya pili, mchana, mume wangu akavuka pazia. Aliketi kwenye mkeka wa mama, akachukua nyama katika sahani yake, kisha akamfinya shavu.

“Mama mkwe, umezeeka, lakini mashavu bado yapo.”

Mama alijifunika leso usoni. Nje, wanawake waliokuwa wakifua walisikia. Halafu mmoja akasema, “Haya, leo mama mtu ameolewa,” wakacheka. Niliwajua wote. Niliteka maji nao kila asubuhi.

“Mama, usimhesabie,” nilisema haraka. “Huyo si yeye. Ni ubongo.” Nikamweleza habari ya breki.

Mama alijibu akiwa bado amejifunika. “Na ile heshima aliyonipa miaka yote ilikuwa ya nani? Nayo ilikuwa ya ubongo?”

Niliivuta sahani kando, naye akaendelea.

“Kama huyu ni mkwe wangu, amenikosea, na kosa hili lina mbuzi wake wa kulisafisha. Kama si yeye, hakuna kosa. Lakini basi unalala na mwanamume nisiyemjua, na kesho wewe na watoto mnapanda treni pamoja nami. Chagua, mwanangu.”

Mume wangu aliacha kutafuna. Alinitazama.

“Kama mimi si mimi,” aliuliza, “mimi ni nani?”

Hakuwa akifanya mzaha. Kicheko cha majirani kikawa kitu kidogo. Nilikuwa nimemkana mtu akiwa ameketi pale pale, ili mimi nisionekane vibaya.

“Ni yeye, mama,” nilisema.

Jioni nilikwenda kwa yule jirani mwenye kejeli kumwomba mumewe atutafutie mbuzi. Ilibidi nitaje sababu, ingawa aliisikia mwenyewe. Mume wangu alikuwa amenifuata hadi mlangoni.

“Nimemkosea mama mkwe,” alimwambia jirani, huku akicheka.

Niliinamisha uso, lakini sikumkatiza.