Choa cha Ndama

Nilirudi nyumbani Busawe kwa wiki moja tu. Kazi ya jikoni ilikuwa inanisubiri kwenye hoteli ya watalii karibu na geti la Ikoma, na mama alijua. Hakubishana. Alinipa ndama nimshike wakati anakamua, na mimi, niliyezurura miaka mingi nikiikumbuka harufu ya zizi lile, nikamkumbatia shingoni kama ndugu. Macho yake yalizungukwa na magamba ya kijivu. Nikayaona ni urembo.

Kabla ya kuondoka, pete nyekundu zikanitoka mikononi na shavuni. Nani angepokea sahani kutoka kwa mpishi wa hivyo? Duka la dawa wakaniuzia tyubu inayotibu kila kitu. Muwasho ukanyamaza, nikaisifu. Pete zikapanuka kama mashamba ya tajiri.

Tabibu wa zahanati alipoiona tyubu alicheka. "Humu kuna dawa ya fangasi, sawa, lakini kuna na steroidi. Hiyo inawalaza walinzi wa mwili wako. Fangasi anakula bila kelele."

Alinieleza kwamba dawa kama klotrimazoli humnyima fangasi mafuta ya kujengea utando wake, akavuja, akafa. Choa kidogo hupakwa hiyo, kinaisha. Changu kilishaenea, kwa hiyo akanipa vidonge vya griseofulvini. Hivyo haviui, vinamzuia fangasi asizaliane mpaka ngozi mpya iisukume ya zamani nje. Ndiyo maana humezwa kwa wiki kadhaa.

"Meza na chakula chenye mafuta. Kichwa kinaweza kuuma, na jua litakuchoma upesi. Pombe usiguse, uso utawaka na moyo utakimbia. Macho yakiwa ya njano, rudi haraka, hilo ni ini."

"Mafuta?" akadakia mama, aliyenisindikiza. "Samli ipo."

Hotelini wakakubali kunisubiri. Nikakaa kivulini bila pombe, nikilishwa samli kama bwana harusi, hadi pete zikafutika. Nikafunga begi.

Asubuhi ya safari mama akaniita zizini. "Mura, kijana wangu, nishikie huyu mara moja, kisha uende."

Magamba yalikuwa palepale.

"Mama, huyu aliyeniambukiza hujamtibu?"

"Ya nini? Ndama hupona mwenyewe. Hana haraka ya kwenda popote."

Nikavaa koti la mvua la marehemu baba, mikono yake ikinifunika hadi vidoleni, nikamshika kwa mbali. Mama alilitazama koti, akakamua. Alipomaliza, akanijazia chupa ya samli.

"Ya kumezea dawa," akasema, ingawa vidonge vilishakwisha.