Bendi ya Baba, Bendi ya Baba Mdogo

Ugomvi ulianzia kwenye picha ya tangazo, moja ya zile picha za kutumiana kwenye simu, iliyotengenezwa na kijana ambaye nina hakika hakuwa amezaliwa bendi ile ilipovunjika. Ilisema kwamba bendi kongwe ya dansi inarudi jukwaani kwa onyesho moja tu, bonanza la Jumapili mchana katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Katikati walimweka mwimbaji, kavaa suti nyeupe. Pembeni kabisa alikuwepo mpiga gitaa la solo, na ukingo wa picha ulikuwa umempitia begani.

Baba aliitazama na miwani, akaivua miwani, akaitazama tena.

"Wamemkata bega," alisema.

Nilikuwa nachambua mchele kibarazani. "Wamemkata nani?"

"Mwenye bendi. Wamemkata bega."

Hata ningenyamaza, mambo yangekuwa yale yale, kwa hiyo sijilaumu kwa kuuliza. Bendi ile ilivunjika mimi sijazaliwa. Mwimbaji aliondoka na nusu ya wenzake akaanzisha bendi yake. Mpiga solo akabaki na jina, vyombo na nusu nyingine. Baadaye bendi zote mbili zilikufa, taratibu, bila mtu kutangaza. Baba alibaki na mpiga solo. Mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, alimfuata mwimbaji. Mama anasema enzi hizo hawakugombana hata siku moja kwa sababu ya bendi. Walikuwa vijana, walikuwa na kazi. Walisubiri wastaafu.

Na walisubiri hadi dada yangu aposwe.

Hili ndilo lililonikera kuliko yote. Dada alikuwa na mchumba, kijana mpole wa Mbweni, ambaye alikuwa amepata kazi Mtwara na alitakiwa kuripoti mwezi unaofuata. Walitaka ndoa ifungwe kabla hajaondoka. Washenga walishaleta barua ya posa na walishapangiwa siku ya kuja kuchukua jibu na kupanga tarehe: Jumapili ya pili baada ya bonanza. Na kwetu baba mzazi hasemi mbele ya washenga. Anakaa, anaitikia salamu, anatazama mkeka. Anayejibu posa ni mdogo wake. Nimewahi kuuliza kwa nini mtu aliyemzaa binti hawezi kusema ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Nimejibiwa kwamba ndivyo ilivyo, na kwamba nikaangalie jiko.

Kwa hiyo jibu la posa ya dada lilikuwa mdomoni mwa baba mdogo, na baba mdogo alikuwa nyumbani kwake Chanika, akiitazama picha ile ile.

Akapiga simu. Baba huwa anaongea na simu kwa spika, nyumba nzima isikie.

"Kaka, shikamoo. Umeiona picha?"

"Marahaba. Nimeiona. Wamemkata bega."

"Bega la nani?"

"Usijifanye hujui."

"Aa, yule! Kaka, kwani anapigaga kwa bega? Waache wamkate. Kimebaki kidole, si ndicho kinachopiga?"

"Yule ndiye bendi. Huyo wako aliondoka."

"Aliondoka na nyimbo, kaka! Nyie mlibaki na spika."

Niliingilia, nikidhani kwamba swali la maana linaweza kuwatuliza watu wazima. Niliuliza ni wanamuziki wangapi wa zamani watakaopanda jukwaani. Ikabainika ni watatu: mwimbaji, mpiga solo, na mpiga tarumbeta mmoja ambaye hana tena meno ya mbele na atakaa tu kwenye kiti kwa heshima. Wengine wote ni vijana wanaopigaga hotelini.

"Sasa hiyo ni bendi ile ile kwa kigezo gani?" niliuliza.

"Umesikia mwanangu?" alisema baba. "Bendi ni yule aliyebaki."

"Umemsikia msomi?" ilisema simu. "Bendi ni sauti."

Nilirudi kwenye mchele.

Kulikuwa na kundi la wapenzi wa bendi kwenye simu, wazee wa Temeke, Tabata na huko pembeni, ambao miaka yote kazi yao ilikuwa kutumiana salamu za Ijumaa na taarifa za misiba. Picha ililivunja kwa wiki moja. Baba mdogo alijitoa, akaanzisha lake. La kwanza lilikuwa la wapenzi "asilia", la pili likawa la wapenzi "halisi". Nilimuuliza baba tofauti ya asilia na halisi ni nini. Alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini tunaswali.

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka Chanika. Alinitumia mimi, ili nimfikishie kaka yake. Huo ndio ukawa mtindo wao, mimi nikawa tarishi. "Mwambie baba yako hivi," ilisema sauti, taratibu, kama ya mtu anayesoma hukumu. "Kama kwake yeye mwimbaji ni mpangaji tu kwenye bendi, basi na mie ni mpangaji kwenye ukoo huu. Atafute mwenye nyumba aje ajibu posa."

Dada aliusikiliza ujumbe ule amesimama mlangoni, bado kavaa koti jeupe la duka la dawa. Dada si mtu wa kelele. Kati yetu wawili, yeye ndiye aliyekuwa akisema ndiyo na mimi nikisema kwa nini.

"Gitaa limeingiaje kwenye ndoa yangu?" aliniuliza.

Mama alisema tuwaache, watachoka. Lakini siku ya bonanza mama huyo huyo alinitoa chumbani na kunipa maagizo: nende na baba, nihakikishe anakaa meza moja na mdogo wake, na yeyote atakayenuna nimwagizie soda.

Sikufanikiwa hata kwenye meza. Wapenzi asilia walikuwa wameshakaa kushoto, wapenzi halisi kulia, katikati sakafu tupu ya kuchezea. Wote wamevaa mashati ya kitenge cha sare, cha aina moja, kwa sababu kitenge kilinunuliwa kabla ya ugomvi. Kwa mbali ungedhani ni familia moja kubwa imekuja harusini. Baba mdogo alinipungia mkono kutoka upande wake. Baba akatazama feni.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kila kundi lilikuwa limepitisha azimio. Kwa asiyejua dansi, wimbo wa bendi hizi una sehemu mbili. Kwanza linaimbwa shairi, polepole, watu wanacheza kwa kujivuta. Halafu gitaa la solo linachukua usukani, ngoma zinakolea, mwimbaji anakaa kando; sehemu hiyo wanaiita chemko. Wapenzi asilia walikubaliana kwamba mwimbaji akiimba, hakuna kuinuka. Wapenzi halisi walikubaliana kwamba gitaa likishika, hakuna kubaki sakafuni. Hakuna aliyefikiria kwamba ni wimbo mmoja.

Bendi ikaanza. Mwimbaji akaimba, na kwa kweli sauti yake ilikuwa bado nzuri, imekwaruzika kidogo tu. Upande wa kulia wote ukainuka, ukacheza. Upande wa kushoto ukakaa, mikono kifuani. Gitaa likashika. Upande wa kulia ukageuka, ukaanza kurudi vitini. Upande wa kushoto ukainuka. Katikati ya ukumbi wakapishana, wazee wenye mashati ya sare, kama zamu mbili kwenye geti la kiwanda. Nilimwona baba akipishana na baba mdogo. Wote wawili walikuwa wameshaanza kucheza mabega, mmoja akienda, mwingine akirudi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wimbo wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Mzee mmoja aliyetembelea fimbo alikata tamaa, akabaki palepale katikati, akacheza vyote. Akaitwa msaliti kutoka pande zote mbili.

"Baba," nilimwambia aliporudi akihema, "huu wimbo unaupenda. Nyumbani unauimba ukioga. Unaimba maneno, huimbi gitaa."

"Nyumbani ni nyumbani," alisema.

Halafu kwenye wimbo wa mwisho mwimbaji akafanya jambo ambalo halikuwemo kwenye maazimio. Chemko likiwa limekolea, akasogea kwenye maikrofoni akaanza kuimba juu ya gitaa. Mpiga solo akamsogelea. Wakasimama bega kwa bega, wazee wawili wenye jasho, wanacheka kwa jambo lao wenyewe. Ukumbi mzima ukaganda. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kukaa au kusimama. Baba alikuwa nusu ameinuka, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti, makalio hewani, na alibaki hivyo hadi wimbo ukaisha. Wenye bendi walikuwa wameshapatana. Mashabiki ndio walikuwa hawajapewa taarifa.

Nilidhani hilo lingemaliza ubishi. Baba mdogo alipita mezani kwetu akielekea mlangoni, akaniambia mimi, baba akiwa amekaa pale pale: "Mwambie baba yako, umeona nani aliyemfuata mwenzake? Gitaa ndilo lililosogea."

"Mwambie," alisema baba, "aliyeingia kwenye kazi ya mwenzake ni mwimbaji."

"Mmesikilizana," nilisema. "Mko hatua mbili."

Baba mdogo akaondoka.

Siku zilizofuata hakuna aliyenituma ujumbe. Dada alimpigia baba mdogo mwenyewe, akamsalimia vizuri, akamuuliza kama atakuja. "Tutaangalia, mwanangu," alijibu. Dada akakata simu, akakaa nayo mkononi. Mchumba wake alikuwa ameshatafutiwa chumba Mtwara. Nilimwambia baba, bila kuzunguka, kwamba ajibu posa mwenyewe, mbingu haitaanguka. Alisema, kwa upole, jambo ambalo lilinikera zaidi, kwamba siku hiyo washenga wangeondoka wakidhani bibi harusi hana ukoo.

Jumapili washenga walifika. Na baba mdogo alifika nao, getini, kanzu imenyooka, kofia imekaa sawa, kwa hiyo majirani walimhesabu upande wa mwanamume. Alimpa baba mkono bila kumtazama, akakaa mwisho wa mkeka. Mama alishusha pumzi jikoni hadi nikaisikia.

Sitamnyima haki yake. Alijibu posa vizuri. Alisema ndugu zetu mlikuja mkabisha hodi, sisi tukasikia, tukamuuliza mwenye kuulizwa, naye karidhia, basi na sisi tumeridhia. Maneno machache, sauti imeshuka pale inapotakiwa kushuka. Baba alitazama mkeka, na nikaona macho yake yamelowa. Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya kunawa. Nyuma ya pazia dada alinishika kiwiko. Ilibaki tarehe tu.

Tukaleta pilau. Mkubwa wa washenga, mjomba wa kijana, mtu mnene mcheshi, alikula matonge mawili, akainua kichwa.

"Samahani, wazee. Nyie si wale mliokuwa mnapishana pale ukumbini Kinondoni?"

Baba mdogo akatafuna taratibu.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilichekaje! Lakini nyie, kwa kweli, mnagombea nini? Bendi ile ilikuwaga ya kuiga tu. Sauti ya Kongo, gitaa la Kongo. Walitutafsiria."

Baba aliweka tonge chini. Baba mdogo akajisogeza kwenye mkeka, akajisogeza tena, mpaka magoti yake yakawa karibu na ya baba.

"Kaka," alisema, mara ya kwanza kumwita moja kwa moja tangu simu ile. "Mweleze huyu bwana lile gitaa lilitoka wapi."

"Mweleze kwanza sauti," alisema baba. "Uliijua kabla yangu."

Nao wakamweleza. Wakamweleza kwa zamu, mmoja akipumua mwingine anaongea. Baba, ambaye mbele ya washenga hasemi, alikuwa amesimama kwa magoti, anapiga gitaa la solo hewani kwa vidole vyenye pilau. Mjomba wa kijana alijitetea vizuri tu. Alikuwa na hoja, kusema kweli, na katika hali nyingine ningemuunga mkono. Pilau likapoa. Tukatoa sinia, tukaleta matunda, tukatoa matunda. Washenga wenzake wakaanza kutafuta viatu vyao kwa macho. Nilimnong'oneza baba: "Tarehe." Alinionyesha kiganja, ningoje, walikuwa wamefika kwenye tarumbeta.

Hapo ndipo pazia lilipofunguka.

Mwenye kuposwa hatokei. Hilo hata mimi nalijua, na sikuwahi kulipinga kwa vitendo. Dada alitoka kajitanda khanga, akasimama pale penye viatu vya wageni, akawasalimu kwa adabu.

"Shikamooni, wazee wangu. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya swala, hapa nyumbani. Mwenzangu anasafiri Jumatatu yake."

Dada akawatazama baba na baba mdogo, magoti kwa magoti pale mkekani.

"Na muziki nitatafuta mwenyewe," alisema, akarudi ndani.

Mjomba wa kijana ndiye aliyeangua kicheko kwanza. Baba mdogo akakohoa, akairekebisha kofia, akasema kwa ile sauti yake ya kujibia posa kwamba, naam, kama mlivyosikia, ukoo unapendekeza Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Washenga wakaridhia. Fatiha ikasomwa. Nami nikiwa mlangoni na jagi langu niliwaona mikono imeinuliwa, midomo inacheza, na kabla hawajapangusa nyuso baba akamwinamia mdogo wake.

"Lakini sauti," alinong'ona, "ilikuwa inakuja nyuma ya gitaa."

"Mbele, kaka," alisema baba mdogo. "Mbele."