Tofali Lililobaki Hewani

Leo nusura nifukuzwe kazi kwa sababu ya gemu.

Wakati wa chakula, Okello, tunayechanganya naye zege kwenye mjengo hapa mtaani Namuwongo, alinipa simu yake nijenge nyumba ndani ya gemu. Nikaanza kutafuta miti ya kushikilia lenta, ile boriti ya juu ya mlango.

Akacheka. “Mkenya, hapa miti ya nini? Toa tofali la chini uone.”

Nikalitoa. La juu likabaki hewani!

Jamani, mwili ulinisisimka. Nikajenga hadi paa, nikasahau kwamba saa ya chakula imeisha.

Foremani akatokea nyuma yangu, na yeye humfukuza yeyote anayeshika simu kazini.

“Ssebo, wewe bwana, nini hiyo?”

Nikamwonyesha.

Akachuchumaa. “Toa ukuta wote.”

Nikautoa. Paa halikuanguka.

“Kumbe hapa hafukiwi mtu na kifusi,” akasema polepole, akanirudisha kwenye zege bila kunifukuza.

Nyinyi mnaocheza kila siku, mliwezaje kuzoea vitu kubaki hewani?